Picha Zilizorukwa

"Joho ni langu," Soud alisema. "Hilo sijalikataa tangu siku mliyonileta hapa. Nnalokataa ni kuwa niliyemo ndani yake pale ni mie."

Inspekta Praxeda Singano aliisukuma tena ile karatasi mbele yake. Ilikuwa picha iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta, imefifia, lakini ilionekana: ua wa nyuma wa nyumba ya Bi Zeyana, Usagara, siku ya harusi ya binti yake Nada. Mlango wa kwendea jikoni uko wazi, pazia lake zito limefungwa kando. Marehemu Mundhir anapita mlangoni kwa kanzu nyeupe na kofia. Nyuma yake yupo mwanamume aliyeipa kamera kisogo, amevaa joho la rangi ya damu ya mzee.

"Harusini palikuwa na majoho mangapi ya rangi hii?"

"Langu tu."

"Basi?"

"Basi nililivua, dada. Joto la siku ile lilikuwa halisemeki. Nilipomaliza kula nililitundika ukumbini kwenye msumari, nikatoka barazani kupunga upepo. Niliporudi nililikuta palepale."

"Nani alikuona barazani?"

"Watu walikuwa tele. Nani atamtazama Mpemba aliyejikalia peke yake?"

Koplo Sadalla, aliyesimama karibu na dirisha, aliguna. Praxeda hakumgeukia.

"Ulikaa peke yako kwa sababu ulikuwa umetoka kugombana na mjomba wako," alisema. "Wapishi walikusikia. Ulimwambia afadhali afe yeye kuliko kuwafunga wenzake."

Soud aliinamisha kichwa. Alikuwa kijana wa mabega mapana, lakini siku alizokaa mahabusu zilikuwa zimemnyong'onyeza.

"Nilisema. Mungu anisamehe. Tangu ile mashua izame kule Mkwaja na vijana wetu ndani, mjomba alikuwa halali. Alisema biashara hii ya karafuu za kificho imekwisha, na harusi ikimalizika anakwenda kusema kila kitu serikalini, liwalo na liwe. Mie nilikuwa napakia mizigo, dada. Niliogopa. Nikapiga kelele. Lakini yule mtu amenilea. Nimuue vipi?"

"Na nani mwingine alijua kwamba anakwenda kusema?"

"Sijui. Mjomba hakuwa mtu wa kuficha."

Praxeda alisimama akaichukua picha yake. Kwa wakubwa wake kesi hii ilikuwa imekwisha. Mundhir, mfanyabiashara wa karafuu kutoka Wete, aliokotwa ndani ya birika la kuhifadhia maji nyuma ya jiko, akazikwa siku ileile, na kila mtu akaamini kwamba aliteleza. Kisha shemeji yake aliyeko Maskati akafungua ukurasa wa harusi ambao familia ya bibi arusi iliuweka kwenye intaneti, akaona picha ndogo inayocheza, akampigia simu mjane. Mjane akavuka bahari na kufika kituoni. Kaburi likafukuliwa kwa amri ya mahakama, daktari akakuta fuvu limepasuliwa kisogoni kwa kitu kizito. Tangu hapo Soud alikuwa ndani, na jioni ya leo Mkuu wa Upelelezi alitaka jalada mezani kwake ili kijana asomewe shtaka la mauaji.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, Mwanaima, mjane wa Mundhir, alikuwa amejifunika buibui lake, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, bibi," Praxeda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Amekiri?"

"Hapana."

Mwanaima aliendelea kuvuta tasbihi. "Mama yake alikufa akimzaa. Mie ndiye niliyemnyonyesha, pamoja na wangu. Kama ni yeye, mpelekeni kwenye haki yake, sitakuja kumlilia. Lakini usinipe mtu yeyote tu ili ninyamaze, nirudi kwetu. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, bibi."

"Basi nenda ukafanye kazi yako."

*

Gari la kituo halikuwa na mafuta, kwa hiyo walikwenda Ngamiani kwa miguu, wakipishana na baiskeli na mikokoteni. Kila baraza siku hizi lilikuwa duka. Nyumba ambazo miaka ya foleni za sukari zilifunga madirisha ili jirani asinuse kinachopikwa, sasa zilianika nje redio za Dubai, mashati ya mitumba, betri, sabuni za kila rangi.

"Mimi naona ni mtu aliyeliazima lile joho," Sadalla alisema. "Kalikuta msumarini, kalivaa, kafanya kazi, kalirudisha. Tumtafute nani alikaa karibu na ule msumari."

"Watu wote waliokula biriani walikaa karibu na ule msumari."

"Sasa tunaanzia wapi?"

"Kwa aliyepiga picha. Ile karatasi imetoka kwenye kompyuta, na ya kwenye kompyuta imetoka kwenye kanda. Sisi tumeiona karatasi tu."

Studio ya Miraji ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Barabara ya Kumi na Mbili. Deki zilipangwa juu ya kabati, moja juu ya nyingine, kila moja imefunikwa kitambaa dhidi ya vumbi. Ukutani palikuwa na mandhari ya maporomoko ya maji ambayo maharusi waliopendelea walisimama mbele yake. Miraji, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, aliwapa viti kabla hawajasema walichojia.

"Harusi ya Usagara," Praxeda alisema. "Nataka kuiona kanda yote."

"Hakuna tabu, afande. Kazi safi ile."

Aliichomeka. Televisheni ikatoa maua, majina ya maharusi kwa herufi za dhahabu, kisha ngoma za kumleta bwana arusi. Praxeda hakuketi. Alisimama mbele ya kioo mikono nyuma, akiwatazama wageni mmoja mmoja wakila, wakicheka, wakiikwepa kamera. Soud alipita mara moja akiwa amevaa joho lake, jekundu lililokolea. Mzee Yaarub, kaka yake Bi Zeyana, aliyegharamia harusi nzima, alipita akiwapa watu mikono. Kisha kamera ikatokea uani.

"Simamisha."

Miraji alibonyeza. Picha ikasimama ikitetemeka. Ulikuwa mlango uleule wa jikoni, na pazia lilelile limefungwa kando.

"Pazia hili ni la rangi gani?"

Miraji alivaa miwani yake. "Zambarau."

"Sadalla?"

"Zambarau, afande. Hata juzi tulipokwenda kupekua lilikuwepo. Zambarau."

Praxeda aliitoa karatasi mfukoni akaiweka kando ya kioo. Kwenye karatasi pazia lilikuwa rangi ya damu ya mzee, ileile ya joho. Hapakuwa na tofauti hata kidogo. Ungedhani vimekatwa kitambaa kimoja.

Sadalla alisogea akatazama, akatazama tena. "Labda ni wino wa mashine."

"Labda," Praxeda alisema. "Endelea, Miraji."

Kanda ikaendelea. Kamera ilisogea taratibu kuelekea mlangoni, na hapo ghafla skrini ikajaa moyo mkubwa mwekundu, ndani yake picha ya Nada na mumewe wametulia, muziki ukipanda. Moyo ulipoyeyuka, kamera ilikuwa imerudi ukumbini na watu walikuwa wakigawiwa halua.

"Rudisha."

Akarudisha. Moyo ukaja tena mahali palepale.

"Marehemu yuko wapi?"

"Afande?"

"Mundhir. Amepita mlango ule na mtu nyuma yake. Hii hapa, nimeishika mkononi. Kwenye kanda yako hayupo. Yule aliyetengeneza picha ya kwenye kompyuta ameitoa wapi, kama kwenye kanda haimo?"

Miraji aliivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Nimekuuliza jambo."

"Hii ni ya pili," alisema hatimaye. "Niliediti mara mbili. Ile ya kwanza nilimaliza kesho yake ya harusi, nikawapelekea. Kisha Bi Zeyana akanipigia simu, akasema marehemu ameonekana mle, si uzuri mtu aliyekufa kuonekana kwenye furaha ya mtoto. Akasema kaka yake ametaka ifutwe. Nikaona ni maneno ya busara. Nikaweka moyo."

"Na ile ya kwanza?"

"Waliirudisha, nikarekodi hii ya pili juu yake. Ndiyo hiyo mnayoiona."

"Na kanda ya kamera yenyewe?"

"Nimepigia kipaimara cha Pongwe. Afande, kanda ni ghali, tunazungusha zilezile."

"Kwa hiyo hakuna tena mahali pa kuiona ile picha kama kamera ilivyoiona."

Miraji alitikisa kichwa. Kisha akasita. "Labda kwa Luay. Ile ya kwanza ilipita kwake kabla haijarudi. Ndiye aliyeiingiza kwenye kompyuta."

Luay alikuwa mtoto wa Yaarub.

"Usimpigie mtu simu," Praxeda alisema akiwa mlangoni. "Nakuomba kwa wema."

"Wallahi sipigi."

Walipofika kona, Sadalla aligeuka nyuma. "Atapiga," alisema.

Wakaongeza mwendo.

*

Duka la intaneti la Luay lilikuwa mjini, jirani na maduka ya vitambaa, na lilikuwa na kompyuta chache zilizotengwa kwa mbao ili mtu asisome barua ya mwenzake. Hapakuwa na mteja. Laini ya intaneti ilikuwa imesumbua tangu asubuhi. Luay mwenyewe alikuwa kijana mchangamfu, amesoma Maskati, na alipenda kueleza kazi yake kwa mtu yeyote aliyeuliza.

"Nimesikitika sana kwa Soud," alisema. "Sikujua kama ile picha italeta haya. Niliitengeneza ili jamaa wa Oman waone harusi, basi."

"Nionyeshe ulivyoitengeneza."

Alimvutia kiti, akafungua nakala ya ukurasa wa harusi iliyokuwa ndani ya mashine. Picha ndogo, haikuzidi kiberiti, ikaanza kucheza: Mundhir anafika mlangoni, mtu wa joho nyuma yake, Mundhir anapita, mtu anapita, mlango mtupu. Kisha Mundhir anafika tena mlangoni. Haikuwa na sauti. Ilijirudia bila kukoma, watu wakisogea kwa kurukaruka.

"Kwa nini wanaruka hivi?"

"Kwa sababu nimewapunguza. Tazama, inspekta. Video ni picha nyingi zilizotulia, zinapita upesi hata jicho linadanganyika. Ukiiweka yote kwenye mtandao, mtu wa Maskati atangoja mpaka alale. Kwa hiyo natoa picha zile moja moja, nachukua moja, naruka kadhaa, nachukua nyingine. Hizo chache nazifunga pamoja zicheze zenyewe. Zinakuwa nyepesi."

"Na zile ulizoruka?"

"Hazimo humu."

Praxeda aliegemea mbele. "Na rangi?"

"Rangi pia napunguza. Kila rangi ina uzito wake. Naiambia mashine ibakize chache, basi yenyewe inazikusanya zinazokaribiana na kuzifanya moja." Alicheka kidogo. "Ndiyo maana watu wanakuwa kama katuni."

"Pazia la kwenu ni la rangi gani, Luay?"

"La shangazi? Zambarau."

"Na humu?"

Luay alitazama kioo. Kicheko kilimtoka usoni polepole, si kwa hofu bado, ila kama mtu aliyeulizwa hesabu asiyoitarajia.

"Humu limekuwa damu ya mzee," alisema. "Mashine imeliingiza pamoja na joho."

"Au imeliingiza joho pamoja na pazia. Inaweza kuwa vyote viwili vilikuwa na rangi nyingine kabisa?"

"Inaweza. Kitu cha zambarau, cha hudhurungi, chekundu kilichokolea, vyote vingeweza kuangukia pale."

Sadalla, aliyekuwa mlangoni akiangalia barabara, aligeuza kichwa. Praxeda alimwona ameelewa. Tangu walipotoka kituoni walikuwa wakimfikiria mtu aliyeliazima joho la Soud, na huenda joho la Soud halikutoka kwenye msumari wake kamwe.

"Ile video uliyoingiza, kabla hujapunguza chochote, unayo?"

"Ninayo. Imekula nusu ya mashine, nilikuwa nataka kuifuta wiki hii."

"Ifungue."

Simu ya mezani ililia. Luay aliinua mkono kuomba radhi, akaipokea.

"Ndiyo, baba... Nipo dukani... Hapana, nipo na polisi. Yule inspekta mwanamke... Wanataka kuiona ile video ya harusi. Ile yenyewe, kabla sijaipunguza." Akasikiliza. Uso wake ulibadilika. "Kwa nini, baba?... Sawa... Lakini kwa nini?"

Aliirudisha simu taratibu.

"Kasema anakuja. Kasema nizime mashine, nisiguse kitu mpaka afike."

Nje mtu alikuwa akinadi samaki kwa sauti ya kukwaruza.

"Nyumbani kwenu ni mbali na hapa?" Praxeda aliuliza.

"Si mbali. Ana gari."

Praxeda alivuta kiti karibu. Hakupandisha sauti. "Luay, sikudanganyi. Sina hati ya upekuzi. Ukiizima mashine, siwezi kukuzuia. Nitakwenda mahakamani kuifuata, na nikirudi naamini sitaikuta hiyo video. Jioni hii Soud anasomewa shtaka la kumuua mtu aliyemlea. Unajua adhabu yake."

"Baba labda anaogopa kelele tu. Jina la familia. Harusi ya Nada."

"Labda. Video itatuambia."

Kijana alitazama mlango, kisha kioo. "Ammi Mundhir alikuwa akinichukua Wete kila likizo," alisema, kama anayemweleza mtu mwingine asiyekuwamo humo. "Mimi na Soud tulilala chumba kimoja."

Akakamata mausi.

Mashine ilianza kukoroma. Faili lilikuwa zito, na kialama cha kungojea kilizunguka, kikazunguka. Taa ya dukani ikafifia, ikawaka, kisha umeme ukakatika. Feni ikapunguza mwendo mpaka ikasimama. Chini ya meza sanduku la betri likaanza kupiga mlio, pi, pi, pi.

"Inachukua muda gani?"

"Betri imechoka. Itatuvumilia kidogo tu."

Picha ilitokea. Kubwa kuliko ile ya kwanza, na rangi zote zimo. Pazia lilikuwa zambarau. Kanzu ya Mundhir ilikuwa na mstari wa maziwa shingoni ambao hapo awali haukuonekana. Na joho la mtu aliyemfuata halikuwa damu ya mzee. Lilikuwa hudhurungi, rangi ya manyoya ya ngamia, na pembezoni mwake ulipita uzi mwembamba wa dhahabu.

Luay aliiachia mausi.

"Nani alivaa joho la hudhurungi siku ile?" Praxeda aliuliza.

"Wengi huvaa."

"Siku ile, Luay."

Luay alitazama mlango tena.

"Peleka picha moja moja," Praxeda alisema. "Zote. Na zile ulizoruka."

"Hana uso. Amegeuka. Utaona mgongo tu."

"Basi hakuna ubaya kuitazama."

Luay aligusa kitufe. Mtu wa joho akasogea kidogo, kiasi cha upana wa kidole. Akagusa tena. Mundhir aliinua mguu kuvuka kizingiti. Akagusa tena. Sadalla alikuwa ameacha kuangalia barabara na amesogea nyuma ya kiti chao, mikono ameifumbata. Mtu wa joho aliweka kiganja mlangoni. Picha iliyofuata ilikuwa moja ya zile zilizokuwa kwenye ukurasa, Praxeda aliikumbuka: kisogo, bega, mlango. Baada ya hiyo zilifuata zilizotupwa.

Luay aliondoa mkono.

"Sitaki," alisema.

"Naweza kubonyeza mimi."

"Hapana. Usiguse." Alifuta jasho juu ya mdomo. "Hii ni mashine yangu."

Akabonyeza. Bega la mtu yule lilianza kugeuka. Akabonyeza. Kofia iliyotariziwa ikageuka nayo. Betri ilikuwa sasa inalia bila kupumzika, mlio mmoja mrefu. Akabonyeza tena, na mtu wa joho, kabla ya kupita mlangoni, alikuwa ametupa jicho nyuma kuhakikisha kwamba hakuna anayemwona. Ulikuwa mtazamo wa nukta, ambao hakuna mgeni yeyote harusini angeukumbuka. Picha moja tu katika zote ndiyo iliyoushika wazi: ndevu nyeupe zilizochongwa, pua ndefu, macho yakitazama karibu kabisa na kamera bila kuiona.

Hakuna aliyelitaja jina. Hapakuwa na haja.

"Inakufa," Sadalla alisema. "Mashine inakufa."

Luay alivuta droo, akatafuta kwa mikono miwili, akadondosha kalamu na waya, akapata flopi moja na kuisukuma ndani. "Video haiwezi kuingia humu," alisema haraka. "Picha moja inaweza." Alibonyeza hapa na pale. Mashine ikasaga, ikanyamaza, ikasaga. "Imeingia," Luay alisema.

Nje mlango wa gari ulifungwa.

Yaarub aliingia bila haraka, kanzu yake nyeupe, fimbo nyembamba mkononi, harufu ya udi imemtangulia. Sadalla alisogea akakaa kati yake na njia ya kutokea. Mzee hakumjali.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam," Praxeda aliitika. Siku zote alimwamkia mzee huyu shikamoo. Leo haikutoka.

Yaarub alitazama kioo. Uso wake mwenyewe ulimtazama kutoka humo, mkubwa, na nyuma yake pazia la zambarau. Wala hakushtuka. Alivuta kiti cha wateja, akaegemeza fimbo, akaketi.

"Kwa kuzitaja zile karafuu zetu, Mundhir alikuwa atuangamize," alisema. "Si mimi peke yangu. Huyu pia. Nada na mumewe. Kila anayekula kwangu."

"Mzee Yaarub, kabla hujaendelea, nina wajibu wa kukueleza kwamba lolote utakalosema..."

Alimkatiza kwa kuinua kidole, si kwa ukali. Kama mtu anayemzuia mgeni asiongezewe chai. Hakuwa akizungumza naye. Macho yake yalikuwa kwa mwanawe.

"Nilikwambia uzime."

"Uliniambia, baba."

"Nani mwingine ameiona?"

Kioo kikawa cheusi. Mlio wa betri ukakatika, na katika kimya kile flopi ilisikika ikiruka nje ya tundu lake Luay alipobonyeza. Aliinuka. Kisha akaipitisha flopi mbele ya kifua cha baba yake na kuiweka mkononi mwa Praxeda, akaufumba mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Mimi," alisema. "Mimi nimeiona, baba."